Foleni Isiyosogea

Ofelia Barragán alikuwa na mtindo wake mmoja wa kumhoji mtu, aliojifunza katika miaka mingi ya kuwapeleleza wadanganyifu wa bima: unauliza swali, kisha unakula. Mtu akikuona unatafuna tu, kimya kinamwasha na anakijaza mwenyewe. Basi mchana ule, katika mkahawa wa Kivietnam wa Story Road, San Jose, aliuliza swali lake, akainamia bakuli la supu ya tambi na kuanza kula.

"Nani kakwambia nimeikalia programu ya Lorna?" Meilin Tso alisema kwa ukali.

Ofelia alitafuna.

"Ni Lorna mwenyewe, sivyo? Tuligombana, ndiyo. Niliacha kazi yake, ndiyo. Sasa mimi ni mkaguzi wa Duka, kwa hiyo lazima nimeikalia programu yake nimkomoe? Huyo mama ana wazimu!"

Ofelia alikamua ndimu juu ya nyama. Meilin akazidi kuchemka.

Programu yenyewe, mali ya Lorna aliyemkodi Ofelia, iliitwa Bundi. Jina hilo Ofelia hakulipenda tangu siku ya kwanza, maana bibi yake alimfundisha kwamba bundi akilia juu ya paa, watu waanze kuulizana nani mgonjwa. Lakini Bundi huyu alitengenezwa alie kwa heri. Mtoto mwenye kisukari anabandikwa kidude mkononi, kidude kinasoma sukari, na sukari ikishuka usiku, simu ya mzazi inalia mpaka mzazi aamke. Kisha simu za watu zikapokea mfumo mpya, na katika baadhi yake Bundi akawa bubu. Sukari inashuka, yeye kimya. Dawa ya ububu huo iliandikwa kwa alasiri moja, ikatumwa Dukani, kwenye Duka la programu za simu, ikaguliwe, maana hakuna programu inayofika kwenye simu za watu bila kupita mikononi mwa wakaguzi wa Duka. Wiki ya tatu sasa jibu lilikuwa lile lile: Inasubiri kukaguliwa. Na juma lililopita mtoto mmoja wa Fresno, Caleb Dufresne, alikutwa asubuhi hajitambui, na simu ya mama yake iko kimya kama jiwe. Alizindukia hospitali. Mwingine huenda asizinduke.

"Nisikilize, mama," Meilin alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Mkaguzi hachagui programu. Inakuja tu kwenye skrini, kama mteja kwa kinyozi. Ingekuja ya Lorna kwangu ningesema namjua huyu, apewe mwenzangu. Ndiyo sheria."

"Basi nani ameikalia?"

"Hakuna! Foleni yetu ni ya siku moja, mbili. Siku mbaya ikizidi sana, wiki. Na jambo la afya ya watoto, mtu anaomba kuharakishwa, anapitishwa mbele."

"Lorna aliomba kuharakishwa."

"Wakamjibu?"

"Wakamkubalia. Akaomba tena, wakamkubalia tena."

Meilin aliweka vijiti vyake chini. "Haiwezekani."

"Imewezekana."

"Nakwambia haiwezekani! Ukikubaliwa kuharakishwa, kesho yake umeshajibiwa." Akafikiri. "Labda... lakini hakuna mtu mwenye akili anayefanya hivyo."

Ofelia alichukua kipande cha nyama, akakitafuna polepole mno.

"Ombi linakubaliwa kwa lile toleo lililoko kwenye foleni," Meilin alisema mwishowe. "Ukilitoa toleo hilo ukaweka jingine, ombi linakufa pamoja nalo. Unarudi mkiani kama mtu aliyefika sasa hivi. Hakuna wa kukushikia nafasi."

"Na nani anaweza kulitoa?"

"Si sisi. Sisi tunakubali au tunakataa. Anayejitoa kwenye foleni ni mwenye mali mwenyewe."

Hapo Ofelia aliacha kutafuna.

"Swali moja la mwisho, mwanangu. Mkaguzi akiifungua programu ya mtu, mwenyewe anajua?"

"Wengi hawajui. Kwa Lorna tulikuwa tunajua." Meilin alitabasamu bila kutaka. "Tulikuwa na mtoto wa uongo, jina lake Poppy. Ni namba tu, hana damu hana mwili, lakini mkaguzi akiingia kwa jina lake, sukari ya Poppy inaporomoka ili mkaguzi amsikie Bundi akilia. Na pale ofisini, juu ya rafu, kuna simu kuukuu inayolia saa hiyo hiyo. Ikilia tulikuwa tunapiga makofi: 'Wameingia!'" Tabasamu likamtoka. "Yule mtoto wa Fresno anaendeleaje?"

"Yu hai."

"Mwambie Lorna..." Meilin alitikisa kichwa. "Hapana. Usimwambie kitu."

*

Ofisi ya Bundi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, na mashine ya chini iliposhika bolti na kufungua nati, vikombe vya juu vilitetemeka. Watu walikuwa watatu tu. Lorna Petrosyan, mwenye kampuni, aliyeianzisha kwa ajili ya binti yake Ani. Girish Talwalkar, mhandisi, aliyeandika Bundi tangu herufi ya kwanza. Na Wendell Pruitt, anayejibu barua za wazazi, kutengeneza kahawa, na kutukanwa kwa niaba ya wengine.

Ofelia alianza na Wendell, kwenye ngazi za nje, kwa sababu asubuhi alimwona akifunika simu yake kila alipopita mtu.

"Simu hiyo ina nini, inakuaibisha?"

"Haina kitu."

Ofelia alitoa kipande cha mkate mtamu kwenye mfuko wa karatasi, akauma.

"Sawa, sawa!" Wendell akainua mikono. "Nimeomba kazi kwingine. Kwa wale washindani wetu wa Sacramento. Usimwambie Lorna, tafadhali. Lakini nifanye nini? Kampuni inakufa, kila siku nasoma barua za wazazi wanaouliza mbona Bundi halii siku hizi, nami nimeamriwa nijibu kwamba 'tunaendelea kuboresha huduma'. Kuboresha! Nikilala naziota."

"Hao wa Sacramento wamekuomba uwape nini? Siri? Neno la siri la Duka?"

"Ningewapa nini? Mimi hata ruhusa ya kuingia Dukani sina. Wanaoingia ni Lorna na Girish."

Ofelia alimtazama machoni muda kidogo, akaona uchovu tu, na woga wa mtu anayetafuta kazi. Akamfuta kwenye orodha yake ya kichwani.

"Poppy kalia lini mara ya mwisho?"

"Poppy?" Wendell alishangaa kwamba Ofelia analijua jina hilo. "Alhamisi. Tulishangilia kama wehu. Nikakimbia kununua donati. Na kabla ya hapo alilia siku nyingine, na nyingine tena, mwanzoni kabisa."

"Kisha ikawaje?"

"Hakuna kitu. Ukitazama baadaye, bado inasubiri. Lorna akasema wamefungua wakafunga makusudi, ni hila ya Meilin. Mimi nikasema labda walikwenda chakula."

"Na Girish alisema nini?"

"Girish hakusema. Hata donati hakugusa, na yule bwana kwa donati ni balaa. Alikuwa anachapa tu."

Ofelia aliukunja mfuko wake wa karatasi. "Neno la siri la Poppy ni lile lile la zamani?"

"Halijabadilishwa tangu enzi za Adamu."

"Niandikie. Na unisaidie kumweka Bundi kwenye simu yangu. Ni ya kale, haijapokea huo mfumo mpya."

"Ya nini? Una mgonjwa nyumbani?"

"Fanya tu, mwanangu. Na mdomo wako ufunge kufuli."

*

Lorna alikuwa mezani kwake, macho mekundu, ukurasa wa Duka wazi mbele yake.

"Umemkamata?" aliuliza hata kabla Ofelia hajakaa. "Meilin kakiri?"

"Si Meilin."

"Ni yeye! Humjui yule. Ana kinyongo cha ngamia."

"Lorna. Duka likibadilisha hali ya programu yako, arifa inakwenda kwa nani?"

"Kwa Girish. Mimi nilizima zangu. Simu ikitetemeka nadhani ni Ani, roho inanitoka."

"Na ukurasa huu unautazama?"

"Mchana kutwa! Kale kadoa ka njano. Kakigeuka kijani nitapiga kelele mpaka wa matairi wasikie."

"Chini ya kadoa umewahi kusoma?"

"Chini kuna nini?"

Ofelia aliinamia skrini. Chini ya doa, kwa herufi ndogo za kijivu, paliandikwa kwamba toleo lililoko foleni liliwasilishwa Alhamisi. Si wiki tatu zilizopita. Alhamisi. Mwanamke huyu alikuwa amekodolea rangi macho wiki tatu nzima, na maneno yako chini ya pua yake.

"Nikuulize jingine. Wazazi wanajua kwamba Bundi ni bubu?"

Lorna alikunjakunja mkono wa sweta yake. "Wakili wetu alisema tusiwatie watu hofu kwa kitu kitakachotengenezwa kesho."

"Kesho ipi?"

"Kila siku ilikuwa kesho, Ofelia. Kila siku! Mimi ningejuaje kwamba Duka litatufanyia hivi?"

"Na Ani? Usiku analindwa na nani?"

"Nalala kwenye kiti, karibu na kitanda chake. Namtoboa kidole mwenyewe kila mara."

"Kwa nini?"

Lorna alirudisha macho kwenye kadoa ka njano. Chini, mashine ya matairi ilinguruma na vikombe vikagongana.

"Basi," alisema Ofelia, na kuinuka.

Meza ya Girish ilikuwa pembeni, nayo ilijaa simu: kubwa, ndogo, mpya, zilizopasuka vioo, zote zimelazwa kwa safu na zote zina Bundi ndani. Mwenyewe alikuwa kijana mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu sana. Alisimama kumpa Ofelia kiti.

"Kaa, mama. Naweza kukuletea chai?"

"Nimekunywa. Simu zote hizi ni zako?"

"Za majaribio. Kila moja inanyamaza kwa namna yake. Hii ikiunganishwa na redio ya gari. Hii chaji ikipungua sana. Ile..." Akajikata. "Nakuchosha."

"Wala. Nani anaweza kuitoa programu kwenye foleni ya Duka?"

"Kwa nini mtu aitoe?"

"Nimeuliza nani."

"Mimi. Na Lorna." Girish alisukuma miwani yake juu. "Lakini tatizo ni Duka, mama. Kila mtu analia na Duka. Tafuta mtandaoni uone watu wanavyolalamika, kuna waliosubiri miezi."

Maneno yalikuwa ya kweli, na yalitoka harakaharaka, kama ya mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi. Ofelia alikuwa haangalii mdomo wake. Alikuwa anaangalia chini ya skrini, ambapo picha ndogo ilibandikwa kwa gundi: mvulana mwenye kofia ya besiboli na pengo la jino la mbele.

"Mwanao?"

"Hapana," alisema Girish. "Huyo ni Caleb."

Ofelia alishika magoti yake, akajiinua kwa kuguna. "Miwani yangu nimeisahau garini. Narudi sasa hivi."

Hakwenda garini. Alitoka mpaka kwenye ujia, mlango wa kioo ukajifunga nyuma yake, akasimama mahali ambapo aliiona meza ya Girish vizuri na yeye haonekani ila kwa anayegeuka. Akatoa simu yake, akamfungua Bundi. Jina: Poppy. Neno la siri: lile la enzi za Adamu. Akabonyeza.

Kwenye skrini yake mstari wa sukari wa mtoto asiyekuwapo ulianza kushuka. Ukashuka. Ukavuka alama nyekundu.

Juu ya rafu ile simu kuukuu ililia. Huu-hu. Huu-hu. Sauti nzito, ya kuudhi, ya kumwamsha maiti.

"Wameingia!" Wendell aliruka, kahawa ikammwagikia. "Lorna! Wameingia!"

Lorna alisimama, mikono yote miwili mdomoni. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Ee Mungu. Ee Mungu wangu, safari hii iwe kweli."

Girish peke yake hakusimama. Wala hakuitazama rafu. Mikono yake ilikwenda kwenye kompyuta kama mikono ya mama aonaye maziwa yanafurika jikoni, ikachapa, ikachapa.

Ofelia alisukuma mlango. "Girish! Toa mkono hapo!"

Kijana aliganda. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Ofelia, hata na goti lake bovu, alikuwa amefika mezani kabla hakijashuka. Katikati ya skrini palikuwa na swali: Una uhakika unataka kuliondoa toleo hili kwenye ukaguzi?

"Njoo usome, Lorna," alisema Ofelia.

Lorna alikuja. Alisoma. Akasoma tena, midomo yake ikicheza.

"Duka hawajaingia," Ofelia alisema, akiinua simu yake wamwone Poppy. "Niliyeingia ni mimi. Lakini Alhamisi walikuwa wao kweli. Na siku nyingine zote ambazo simu ile ililia. Walifika, wakabisha hodi, huyu akafunga mlango akamrudisha Bundi mkiani mwa foleni. Nyinyi mkawa mnamtukana bawabu."

"Girish?" Lorna alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Mwambie si kweli."

"Wakiingia tu, nakumbuka kitu," alisema Girish. Alikuwa anaongea na simu zake, si na watu. "Redio ya gari. Chaji. Mtu aliyezima sauti kwa mkono. Nikasema niitoe, nirekebishe hili moja, niirudishe. Dakika chache tu."

"Na ikarudi mkiani," alisema Ofelia.

"Nilidhani mkia ni mfupi."

"Mara ya kwanza ulidhani. Mara ya pili ulijua."

Girish aliigusa ile picha kwa ncha ya kidole. "Mama yake hakuiandikia kampuni. Alitafuta jina langu, akaniandikia mimi. Hakunitukana. Angenitukana ningeweza. Aliuliza tu, 'Safari hii una uhakika?'" Akavua miwani. "Sina uhakika! Sijawahi kuwa nao. Nikiiachia, ikanyamaza tena kwa mtoto mwingine, nitamwambia nini huyo mama mwingine?"

"Wiki tatu!" Lorna alilipuka. "Wiki tatu nawaandikia watu wa Duka matusi! Nimemsingizia Meilin! Nimemlipa huyu mama ampeleleze Meilin! Na wewe umekaa hapo, unakunywa chai yangu, unaniitikia 'ndiyo Lorna, Duka ni wabaya Lorna'!"

"Ngoja," alisema Ofelia.

"Singoji!"

"Ngoja, Lorna, kuna swali halijaulizwa." Alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na Girish. Safari hii hakuwa na kitu cha kutafuna. "Toleo lililoko foleni sasa hivi. Linalia?"

"Linalia."

"Kwenye simu zote hizi?"

"Zote, ila mtu akiwa ame..."

"Girish."

"Zote."

"Na lile la kwanza kabisa? Lile uliloandika kwa alasiri moja, ukalitoa siku simu ya rafu ilipolia mara ya kwanza. Hilo lilikuwa linalia?"

 Girish alichukua simu moja kutoka mwisho wa safu, ndogo, ya zamani, kioo kimepasuka, akaiweka mbele ya Ofelia.

"Lililia kwenye zote isipokuwa hii."

"Mama yake Caleb anatumia simu ya namna hii?"

"Hapana."

 Wendell alikaa chini palepale alipokuwa, juu ya kahawa iliyomwagika. Lorna alikuwa anaitazama ile simu ya kioo kilichopasuka kana kwamba ndiyo iliyotenda.

"Toka," alimwambia Girish. "Toka ofisini kwangu."

"Akitoka, Duka wakiuliza swali nani atawajibu?" alisema Ofelia. "Mfukuze kesho. Leo bonyeza 'Hapana'."

Girish alijaribu, akashindwa. Lorna ndiye aliyepitisha mkono begani mwake na kubonyeza. Sanduku likatoweka, doa la njano likabaki mahali pake, na toleo likabaki kwenye foleni. Kisha Lorna alikaa kwenye meza ile ile, akaandika upya ombi la kuharakishwa, bila tusi hata moja, akalituma.

"Basi," alisema, akijifuta uso kwa sweta. "Umeimaliza kesi, Ofelia. Asante. Kesho watajibu, na yote yatakwisha."

"Kesho," alisema Ofelia.

"Ndiyo, kesho. Au kesho kutwa."

Ofelia alitazama dirishani. Basi la njano la shule lilikuwa limesimama upande wa pili wa barabara, watoto wanashuka wakisukumana na mabegi yao.

"Na usiku wa leo?"

Lorna alielewa. Ilionekana usoni jinsi alivyoelewa, na jinsi alivyotafuta pa kukimbilia. "Wakili alisema..."

"Wakili ana mtoto mwenye kisukari?"

"Tukiwaambia watatuacha! Watatushtaki. Kampuni itakufa, Ofelia, na Bundi atakufa nayo, na hao watoto watabaki na nini?"

"Wewe unalala kwenye kiti," alisema Ofelia. Hakuinua sauti. "Wiki tatu unalala kwenye kiti kwa sababu unajua. Girish alificha toleo, sikatai, na atalijibu hilo mpaka uzee wake. Lakini kiti ulikificha wewe."

Lorna aliangua kilio. Alilia kwa sauti, bila kujificha, kama mtu aliyengojea ruhusa. Girish hakuthubutu kumtazama. Ofelia hakumbembeleza. Alimsogezea kompyuta.

Ujumbe ulikuwa mfupi, na Lorna aliuandika mwenyewe, akifuta kila neno ambalo wakili angelipenda. Bundi anaweza kuwa bubu kwenye simu yako. Tulijua, hatukukwambia. Usimwamini usiku huu wala usiku wowote mpaka tukuarifu. Amka mwenyewe umpime mtoto. Akamgeukia Wendell, na Wendell akautuma kwa wazazi wote, mikono yake ikiwa na kahawa bado.

Majibu yalianza kuingia papo hapo. Ya kwanza yalikuwa matusi, na yalikuwa ya haki. Wendell aliyasoma kwa sauti kwa sababu Lorna alimwambia asiruke hata moja. Mmoja alisema atawaona mahakamani. Mwingine aliuliza wanalalaje usingizi. Kisha Wendell akafika kwenye barua moja, akanyamaza.

"Soma," alisema Lorna.

"Ni baba mmoja wa Modesto." Wendell alikohoa. "Anasema, 'Asanteni kwa kutuambia. Siku nyingi sasa Bundi hajalia hata usiku mmoja, sisi tukadhani binti yetu anapata nafuu. Jana tulimfanyia sherehe. Leo amerudi kutoka shule amechoka, amelala.'"

Lorna alisimama. Kilio kilikuwa kimemkauka.

"Namba ya simu ameweka?"

Wendell alimwonyesha. Lorna alipiga, akasimama katikati ya ofisi simu sikioni, na Girish naye, bila kuambiwa, akavuta orodha ya wazazi mbele yake na kushika simu mojawapo ya zile za majaribio. Chini mashine ya matairi ilikuwa imezimwa. Mlio wa kuita ulisikika mpaka mlangoni alipokuwa Ofelia, ukaita, ukaita, halafu sauti ya mwanaume ikaitikia.

"Mwamshe mpime," alisema Lorna. "Hapana, bwana, si baadaye. Sasa hivi. Nenda, usikate simu. Mimi nasubiri."